Mifumo Miwili, Saa Moja, na Swali la Ufunguo

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii hupendwa sana na wale ambao tayari wamo zizini na hawataki kumwona mwingine akiingia. Hutajwa panapojadiliwa mgawanyo wa madaraka, uongozi wa pamoja, hata uhusiano wa serikali na vyama vya upinzani. Leo nakusudia kuipima kwa jambo lililo mbali na majukwaa ya siasa: kompyuta mpakato yenye mifumo endeshi miwili.

Kwa msomaji asiye mtu wa fani hiyo, mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine nzima: kumbukumbu, diski, kioo na kila programu nyingine. Windows ndio unaojulikana zaidi katika ofisi zetu. Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ni mfumo huria. Mtu yeyote anaweza kuusoma ndani, kuubadili na kuugawa. Toleo lake mojawapo, Ubuntu, lililozinduliwa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, limebeba jina ambalo kwa Kiswahili tunalijua kama utu.

Chuo ninachofundisha kiliamua kwamba walimu wa somo la utafiti tuwe na mfumo wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza, ili wanafunzi wasiomudu leseni za programu za takwimu wajifunze kwa zana za bure. Uamuzi ulikuwa wa busara, na hadi leo nauunga mkono. Fundi alikuja, akaigawa diski sehemu mbili, akaweka Ubuntu, akaniaga. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na mahojiano ya wazee wa vijiji vya kusini waliosimulia jinsi walivyohamishwa katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Sauti zao hazingeweza kurekodiwa tena.

Matatizo yalikuja manne, na nitayaeleza kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio wenyewe una funzo.

La kwanza: kila nilipoiwasha mashine, iliingia moja kwa moja katika mfumo wa zamani, kana kwamba mgeni hakuwahi kufika. Mgeni alikuwapo. Kompyuta za siku hizi hutunza katika ubao mama orodha ya wanaostahili kuitwa wakati wa kuwaka, na anayetangulia katika orodha ndiye anayeitwa. Niliingia katika mipangilio ya ubao, nikampandisha mgeni juu. Hapo likazuka la kinyume: sasa mfumo mpya uliwaka, lakini menyu yake haikumtaja mwenyeji. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, programu ya GRUB inayotoa menyu hiyo imeacha kuwatafuta majirani yenyewe, kwa sababu za kiusalama. Ni lazima iambiwe waziwazi iwatafute. Nikaiambia, na menyu ikaonyesha majina yote mawili.

La pili lilihusu saa. Ubaoni mna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikizimwa. Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo, desturi iliyorithiwa kutoka kompyuta za miaka ya 1980. Linux huichukulia kuwa ni saa ya dunia, kisha huongeza tofauti ya eneo lako. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu kamili. Hivyo nilipotoka Linux saa sita mchana na kuingia Windows, saa ilisoma saa tatu asubuhi. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alikuwa mkweli kwa kanuni yake. Dawa ni kuwafanya wakubaliane kanuni moja, ama kwa kuiamuru Linux ifuate saa ya mahali, ama kwa kuielekeza Windows ifuate saa ya dunia. Kuirekebisha saa kila asubuhi kwa mkono si dawa, ni kuahirisha ugomvi.

La tatu lilikuwa la diski. Tangu toleo la 8 la mwaka 2012, Windows ina namna ya kuzima inayoharakisha kuwaka: haifungi kila kitu, bali huhifadhi sehemu ya hali yake ili iamke upesi. Kwa sababu hiyo Linux ikikuta eneo la diski ambalo jirani hajaliacha rasmi, hulisoma tu na kukataa kuandika. Ni adabu njema. Huwezi kupanga upya chumba ambacho mwenzako amelala ndani yake. Nilizima utaratibu huo, nikaendelea.

La nne ndilo lililoninyima usingizi. Nilipouchagua mfumo wa kwanza kupitia menyu mpya, kioo kiligeuka buluu na kuniomba ufunguo wa tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa ulinzi uitwao BitLocker, ambao huchunguza njia nzima ya kuwaka. Njia ikibadilika, hudhani mwizi ameingia, nao hudai ufunguo wa dharura. Ulinzi ule ulifanya kazi yake sawasawa. Swali lilikuwa: ufunguo uko wapi?

Sikuwahi kupewa. Mashine ilisanidiwa na ofisi kabla ya kunifikia, na ufunguo ulihifadhiwa kwa jina la afisa aliyeisanidi. Afisa huyo alikuwa amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine, wala daftari la makabidhiano halikuwa na ukurasa wa jambo hilo. Nakala ya mahojiano nilikuwa nayo katika diski ya nje, kama kanuni ya ofisi inavyotaka. Lakini diski hiyo nayo ilifungwa na ofisi ileile, kwa utaratibu uleule, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa mtu yuleyule. Nikajua maana ya nakala isiyo nakala: mitungi miwili ya maji katika chumba kimoja chenye kufuli moja.

Kwa siku tisa nilizunguka kutoka meza moja hadi nyingine. Kila mtu alinisikiliza kwa heshima, na kila mtu alinielekeza kwa mwingine. Hatimaye karani mmoja, ambaye jambo hilo halikuwa katika majukumu yake, alinitafutia namba ya simu ya yule afisa. Kijana alipokea kwa upole.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nina shida, na inasemekana ufunguo wake unao wewe.”

“Kumbe hawakukupa? Niliandika kila kitu nilipoondoka, Mwalimu. Subiri nifungue faili.”

Alinisomea tarakimu sita sita, mafungu manane, nami nikiandika na kumrudia kila fungu. Diski ikafunguka. Usiku ule niliwasikiliza wale wazee wawili mwanzo hadi mwisho, kisha nikahamisha sauti zote mahali ambapo kufuli ni langu.

Ndugu msomaji, turudi kwenye mafahali. Katika wiki zile, mifumo miwili haikugombana hata mara moja juu ya kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho peke yake. Programu za Windows hazikuidhuru Linux, wala Linux haikugusa eneo lisilo lake. Ugomvi wote ulitoka katika vitu vya pamoja: orodha ya kuwaka, saa, diski ya kusomwa na wote, na mlango mkuu. Zizi halikuwa dogo. Kilichokosekana ni kanuni iliyoandikwa ya vitu vya shirika.

Historia yetu inalijua somo hili. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege vya pamoja. Ilipovunjika mwaka 1977, mivutano juu ya vitu hivyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964 ulianza na mambo 11 ya Muungano. Leo orodha katika Katiba ina mambo 22. Zile tunazoziita kero za Muungano haziwi juu ya nani alime karafuu au nani alime korosho. Huwa juu ya orodha: nini ni cha wote, nani anakisimamia, na mapato yake yanagawanywaje.

Najua nchi si kompyuta. Mashine haina kumbukumbu ya dhuluma, wala haipigi kura. Lakini mfano huu unatuondolea kisingizio kimoja, kwamba wawili hawawezi kukaa pamoja kwa sababu ni wawili. Wanaweza, endapo wamekubaliana saa moja, kila mmoja anaacha mahali pa pamoja katika hali ambayo mwenzake anaweza kupatumia, na menyu inataja majina yote.

Linabaki swali la ufunguo, na hili si la mfano tena. Ofisi zetu za umma zinagawa kompyuta zenye ulinzi imara, na ni vema. Lakini ulinzi usio na daftari la funguo unamlinda mwizi asiingie na kumzuia mwenye mali pia. Afisa yule alitimiza wajibu wake, aliandika. Taasisi ndiyo haikuyapokea maandishi yake, na kumbukumbu ya umma ikabaki katika faili la mtu mmoja na katika hisani ya karani mmoja. Kila kifaa cha umma kiwe na ufunguo uliosajiliwa kwa cheo badala ya jina, ukabidhiwe kwa saini mtumishi anapohama, na anayetumia kifaa aonyeshwe ulipo siku anapokipokea. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kilichobaki cha sauti zao hakistahili kutegemea kama fulani atapokea simu.