Kaya za Wamijikenda: Ngome za msituni zinazofaa kuonwa na watoto

LIKIZO ikikaribia, wazazi wengi huwaza ufukwe au mbuga ya Mikumi. Pwani ya Kenya kuna mahali pengine pa kumpeleka mtoto: kaya za Wamijikenda, vijiji vya kale vilivyofichwa msituni, vingi juu ya vilima.

Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia mashambulizi ya Waoromo. Tangu karne ya 16 walijenga kaya ili wajilinde. Msitu mnene ulikuwa ukuta wa kwanza, na uzio wa magogo ukawa wa pili. Njia za kuingia zilikuwa chache, nyembamba na zenye malango. Katikati palikuwa na nyumba, uwanja wa wazee na fingo, yaani kinga ya jamii iliyozikwa ardhini.

Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia mashambani, lakini makaburi yalibaki. Hadi leo wazee huingia humo kufanya tambiko. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waingereza walijua nguvu ya mahali hapo. Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, viapo vilifanyika Kaya Fungo. Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikailipua kwa baruti.

Iliyo rahisi kutembelea ni Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Kutoka Zombo au Mikumi, familia hupita Morogoro, Chalinze, Segera na Tanga hadi mpaka wa Horohoro. Usisahau hati za kusafiria, za watoto pia. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuongozwa na mwenyeji. Hakuna kuokota kitu, hata jani, na hakuna kukumbatiana. Waeleze watoto mapema.

Wavishe viatu vya kufunika miguu na nguo za mikono mirefu, na beba maji ya kunywa. Mwenyeji ataonyesha miti ya dawa. Ni somo zuri, lakini si la kujaribia nyumbani. Mtoto akipata homa baada ya safari, mpeleke kituo cha afya akapimwe malaria.

Kinachotishia kaya zaidi leo ni kupotea kwa wanaozijua. Mwaka 2009 UNESCO ilitaja mila za kaya kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi, na wengine hupaka mvi rangi kwa hofu. Kila mzee anayeuawa huondoka na majina ya miti, njia na makaburi.

Kwa hiyo, mzazi, mkiwa kaya mwache mtoto aulize maswali. Na mkirudi nyumbani, mpeleke kwa babu na bibi yake akaulize mengine.