Kadi Inayoishia Mkoani

Kabla ya Juni 2024 sikuwa nimewahi kuvuka Singida. Shule zilipofungwa nilipanda basi la alfajiri pale Dodoma, dumu la mafuta ya alizeti miguuni, kwenda Maganzo, mji mdogo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mama mdogo alikuwa amenipigia simu kwa sauti ya kukwaruza: "Mwanangu, huu uvimbe wa shingo sasa unanibana hata nikilala." Huyu ndiye aliyenilea. Mama mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa hata hajaolewa, akanichukua. Baadaye aliolewa Usukumani, na tangu hapo ni yeye aliyekuwa akija kwetu kwenye misiba na harusi. Safari hii ilikuwa zamu yangu.

Baada ya Singida nchi ilinyooka, mashamba ya alizeti yakaachia nafasi mbuga pana na ng'ombe wengi kuliko niliowahi kuwaona kwa siku moja. Basi liliposimama Igunga, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Nilibaki dirishani nikiutazama mji huo, kwa sababu jina lake nilikuwa nalijua kwa jambo moja. Hapa Igunga ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulipoanzishwa kwa majaribio mwaka 1996, miaka michache baada ya serikali kuanza kutoza ada za matibabu. Mwaka 2001 ukatungiwa sheria ukaenea nchini. Baadaye ukaja ule ulioboreshwa: kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, kisha ikitibiwa kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mama mdogo alikuwa mwanachama. Kila msimu wa pamba alitenga fedha hiyo kabla hajanunua hata kitenge.

Shinyanga nilifika jua likielekea kuzama, nikaingia kwenye mchomoko, gari dogo lililobeba watu kama mkungu wa ndizi. Njia nzima palikuwa na mibuyu, na kila kwenye ghala marobota ya pamba yalikuwa yamepangwa nje. Maganzo wenyewe ni mji wa barabarani: maduka, bodaboda, akina mama wauza michembe na mitumba. Upande wa pili vinaonekana vilima vya kijivu visivyoota kitu. Ni mchanga uliokwisha kuchekechwa almasi tangu John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipogundua mwamba wake hapa mwaka 1940. Aliujengea mgodi mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Hapa hapa ndipo ilipotoka almasi ya rangi ya waridi aliyotunzwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947.

"Mwadila mayu," baba mdogo alinisalimu kwa Kisukuma mlangoni, akacheka nilipojibu kwa Kigogo. Mama mdogo alitoka jikoni, nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku ameshika shingo. Alikuwa amejifunga mtandio. Alipoufungua ndani, niliona rovu la ukubwa wa embe, limesukuma koo upande mmoja. Alikuwa akinywa funda la maji kabla ya kila sentensi ndefu. Usiku nililala chumba kimoja naye nikamsikia akipumua kwa mluzi, ameegemea mito miwili kwa sababu akilala chali pumzi inakata.

Asubuhi majirani walikuja kunisalimu, na wote walikuwa na swali moja: "Wewe mwalimu una bima kubwa. Si umwingize huyu mama kwenye kadi yako?" Kadi yangu ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotungiwa sheria mwaka 1999. Kila mwezi ninakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Inanifunika mimi, mume wangu na wategemezi wanne. Nina watoto wawili, yuko baba yangu, na nafasi moja ipo wazi. Lakini orodha ya wategemezi wanaotambuliwa ina watoto, wazazi na wakwe; mama mdogo hayumo. Aliyeninyoa nywele nikiwa na surua, aliyeuza maandazi ili ninunuliwe sare, kwa sheria si mzazi wangu. Nilieleza hivyo barazani, na mzee mmoja akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani mama mdogo si mama?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Baba mdogo naye aliwahi kuwa na kadi ya kazini. Alikuwa mwendesha mitambo wa mkandarasi mmoja mgodini. Aprili 2020, soko la almasi lilipoanguka wakati wa Korona, mgodi ulisimamisha uzalishaji. Uchimbaji ulirejea mwaka uliofuata, lakini mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kadi ikafa pamoja nao. "Bima ya kazini," alisema akinionyesha lango kwa mbali, "unaiacha pale getini pamoja na kofia ya chuma." Ndiyo maana nyumba nzima ilikuwa sasa ikitegemea ile kadi ya elfu thelathini.

Niseme bila kusita kwamba kadi hiyo iliwafaa. Malaria za watoto na kidonda cha mguu cha baba mdogo, vyote vilitibiwa kwayo. Ziko siku waliambiwa katika kituo kimoja kwamba dawa zimekwisha wakanunue dukani, na fedha hiyo ikatoka mfukoni. Hata hivyo, kwa homa na vidonda, kadi ililipa.

Tulikwenda Mwawaza, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikohamia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mapokezi walikuwa wakarimu, kadi ikasoma, vipimo vya damu na picha vikafanyika. Daktari kijana alituketisha akachora koo kwenye karatasi, akaonyesha jinsi uvimbe unavyoikandamiza njia ya hewa. Upasuaji huu, alisema, unahitaji bingwa na chumba cha uangalizi maalumu; anatuandikia rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Kisha akashusha sauti: "Mama, huko ni hospitali ya kanda. Kadi yenu inaishia hapa mkoani." Mama mdogo aliikunja ile barua mara nne, akaitia kwenye pochi ya kadi, akamshukuru.

Hapo ndipo nilipouelewa mpaka wenyewe. Kwa ugonjwa mdogo umefunikwa. Ugonjwa ukikua, unaingia barabara ya Mwanza na mkoba wako tu. Nauli, vipimo upya, kitanda, upasuaji, chakula cha muuguzaji. Makadirio tuliyopewa kwa simu yalizidi jumla ya michango yote aliyotoa tangu ajiunge. Nauelewa upande wa mfuko pia: elfu thelathini kwa watu sita haiwezi kulipa mabingwa, hasa pale wengi wanaojiunga ni wale ambao tayari wanaumwa. Tatizo hilo ndilo lililoibana hata Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyokuwa ya shilingi 50,400 kwa mtoto, mpaka uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa mwaka 2023. Lakini mtu aliyechangia kila mwaka akiwa mzima hastahili kuhesabiwa pamoja na aliyekuja siku ya kuugua.

Jioni ile hesabu ilifanyika chini ya mwembe. Baba mdogo alitoa mtamba mmoja, akauzwa mnadani. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Kisha wakaja wanawake wa kikoba cha mama mdogo, na sanduku lao la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi mpaka wote wawepo. Mmoja alikuwa shambani akichuma pamba. Tukamsubiri mpaka akaja na nyuzi nyeupe zimeganda kwenye kanga. Ndani mlikuwa na mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa hisa na mikopo, mwingine wa jamii, ambao kila mwanachama huchangia kila wiki kwa ajili ya magonjwa na misiba. Wakahesabu noti mara mbili kwa sauti, katibu akaandika, mama mdogo akatia dole gumba. Kutoka mfuko wa jamii alipewa bila kurudisha. Kutoka mfuko wa mikopo alikopeshwa.

Mwanza nilikuwa naijua kwa picha za mawe yake tu. Hospitali ya Bugando inaonekana toka mbali, imekaa juu ya kilima. Mama mdogo alipasuliwa, akarudi nyumbani akiwa na kovu jembamba na sauti iliyochukua muda kurejea. Mkopo wa kikoba bado analipa.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na nia yake ndiyo dawa ya ninachosimulia: wazima na wagonjwa wachangie pamoja, na asiye na uwezo alipiwe. Maombi yangu kwa wanaopanga vitita na kanuni ni mawili. Rufaa iliyoandikwa na daktari wa hospitali ya mkoa ivuke na kadi ya mgonjwa hadi kanda, hata kama kaya itatakiwa kuongeza mchango kidogo, maana wanawake wa Maganzo wameonyesha kwamba wanaweza kuchanga. Na mchangiaji aruhusiwe kumwandikisha mlezi wake, kwa uthibitisho wa serikali ya mtaa au kijiji. Wewe msomaji mwenye kadi, uliza leo kituoni kwako inafika hospitali ya ngazi gani, kabla hujapewa barua ya rufaa.