Ngumi Isiyogusa

Mwaka jana, tulipokuwa tunahamia nyumba ya mchungaji katika usharika ninaoutumikia sasa, binti yangu alifungua sanduku la zamani akakuta mkanda wa kahawia umekunjwa chini ya vitabu vyangu vya chuo. "Baba, kumbe ulicheza karate?" akauliza. "Hebu tuonyeshe!" Wazee wa kanisa waliokuwa wanatusaidia kubeba vitu wakacheka na kusogea pembeni. Nikavua viatu pale sebuleni, nikageuka kushoto na kuzuia chini, nikapiga hatua na ngumi, nikaendelea hivyo mpaka nikamaliza kata iitwayo Heian Shodan bila kukosea. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Mchungaji, basi usharika huu hauhitaji mlinzi tena."

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilijua jambo ambalo mkanda ule hausemi. Siku moja tu katika maisha yangu nilihitaji kuitumia karate, na siku hiyo sikuweza hata kuinua mkono.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, hapo Moshi. Jioni tatu kwa wiki tulifanya mazoezi katika ukumbi wa shule, pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Mwalimu wetu, tuliyemwita sensei kama ilivyo desturi, alikuwa mtu mpole na mkali kwa pamoja. Alitufundisha kata, yaani mapigo na vizuizi vilivyopangwa kwa mfululizo, ambavyo mtu huvifanya peke yake dhidi ya adui asiyeonekana. Tulipopambana wawili wawili, sheria ilikuwa moja: ngumi isimame kabla haijagusa. Mwenye kuisimamisha karibu zaidi na uso wa mwenzake bila kumgusa ndiye aliyesifiwa. Mimi nilisifiwa sana.

Jioni moja tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi na mdogo wangu, ambaye hakucheza karate bali alipenda kunibebea begi. Karibu na reli, vijana wawili walitutokea. Mmoja akamkaba mdogo wangu shingoni akataka saa na fedha. Nilisimama hatua mbili tu kutoka pale. Nilijua pigo la kutumia, nilijua hata jina lake kwa Kijapani. Lakini pumzi ilikata, masikio yakawa kama yamejaa maji, na mikono ikaninginia tu. Mdogo wangu, ambaye hakujua pigo lolote, aliuma, akapiga mateke, akalia kwa sauti. Wakampiga na chupa juu ya jicho. Aliyetuokoa ni mama ntilie wa jirani, aliyekuja mbio huku ameshika mwiko na kupiga kelele mpaka vijana wale wakakimbia.

Kovu lile bado lipo. Mdogo wangu ni baba wa watoto watatu sasa, na kila ninapomtazama usoni naliona.

Wiki iliyofuata nilimwendea sensei nikitaka kurudisha mkanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umewahi kupigwa?" Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kosa ni langu. Nimekufundisha kupiga hewa."

Wanaoijua Biblia watakumbuka kwamba Mtume Paulo aliutumia mfano huo huo alipowaandikia Wakorintho habari za mbio na ngumi. Sijui kama sensei alimsoma Paulo. Mimi nilikuja kumsoma vizuri baadaye sana.

Jambo lililonipata si langu peke yangu. Mwaka 2006 huko Japani, mzee mmoja aitwaye Yanagi Ryuken, aliyejulikana kwa kuwaangusha wanafunzi wake bila hata kuwagusa, alikubali kupambana na mpiganaji wa kisasa. Kabla ya hapo alikuwa akipunga mkono tu na wanafunzi wake wanaanguka kama majani ya mgomba wakati wa upepo. Mpiganaji yule hakuanguka. Alimsogelea mzee akampiga usoni, na pambano likaisha mapema sana, mzee akiwa anatoka damu. Mwaka 2017 huko Chengdu, China, bingwa wa tai chi aitwaye Wei Lei alipambana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa mchanganyiko wa michezo ya mapigano, akashindwa kabla nusu dakika haijatimia.

Wengi waliotazama picha za mapambano hayo walicheka. Mimi sikucheka. Kilichonigusa zaidi ni wale wanafunzi wa mzee Yanagi. Sidhani kwamba walikuwa wanamdanganya mwalimu wao. Walimpenda, wakamheshimu, na kwa kumheshimu wakaanguka. Naye, kwa kuwaona wakianguka kila siku, aliamini kwamba ana nguvu. Asingekubali kupambana kama asingeamini.

Wapendwa, mahali ambapo watu huanguka kwa heshima ninapafahamu. Kila Jumapili napanda mimbarani. Nasema, "Bwana asifiwe," nanyi mnaitika. Nasema kwamba Mungu hamwachi mtu wake, nanyi mnasema amina. Hakuna anayesimama katikati ya mahubiri na kusema, "Mchungaji, mimi aliniacha." Mchungaji akikaa hivyo miaka kumi bila kupingwa, anaweza kuanza kuamini kwamba maneno yake yana nguvu kwa sababu tu watu wanaitika.

Mimi niligundua hilo katika mwaka wangu wa kwanza wa utumishi. Chuoni nilikuwa nimepata alama za juu katika somo la huduma ya kichungaji. Niliandika insha nzuri kuhusu mateso na wema wa Mungu, nikapanga majibu kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Kisha usiku mmoja niliitwa kwenye nyumba iliyofiwa na mtoto wa miaka sita. Baba yake alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Nikaanza kusema niliyoyajua. Nilikuwa bado kwenye jibu la kwanza alipoinua uso akasema kwa upole, "Mchungaji, naomba unyamaze kidogo."

Pumzi ikakata na masikio yakajaa maji, kama siku ile karibu na reli.

Bibi mmoja wa umoja wa wanawake alikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili. Hakusema kitu. Aliketi chini kando ya yule baba, akaweka mkono begani mwake, akakaa hivyo muda mrefu sana. Karibu na alfajiri alianza kusema Sala ya Bwana polepole, na baba yule akaifuata, akakwama, akaifuata tena. Bibi yule hakuwa amesoma theolojia. Lakini alikuwa amepigwa, na alijua mtu aliyepigwa anaweza kubeba nini.

Martin Luther aliliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1539, katika dibaji ya maandiko yake ya Kijerumani, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia, akiyatoa katika Zaburi ya 119: sala, kulitafakari Neno, na jaribu. Hilo la tatu aliliita jiwe la kupimia, lile wanalotumia wafua dhahabu kujua dhahabu ya kweli. Hata aliwashukuru wapinzani wake, kwa kuwa kwa kumsonga na kumtesa walimfanya awe mwanatheolojia wa kufaa. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni. Nilikuwa nimeyajibu kwenye mtihani na nikapata.

Lakini nisieleweke vibaya. Baada ya aibu ile ya ujana ningeweza kusema kwamba kata ni dansi tu, na baada ya usiku ule wa msiba ningeweza kusema kwamba katekisimo ni maneno tu. Wapo wanaosema hivyo. Historia ya mchezo wa judo ilinisaidia nisiende huko. Kano Jigoro, aliyeuanzisha mwaka 1882 katika hekalu dogo la Tokyo akiwa na wanafunzi wachache, hakuitupa mila ya jujitsu aliyorithi kwa walimu wake. Alizitunza mbinu za hatari ndani ya kata. Zile ambazo watu wangeweza kuzifanya kwa nguvu zote bila kuumizana vibaya, aliziweka katika zoezi liitwalo randori. Humo mwenzako hakubali kuanguka. Anakupinga kweli, nawe unampinga kweli, naye bado ni rafiki yako. Mwanafunzi wa Kano aliangushwa mara mia, na kwa kuangushwa akajifunza.

Kata hulinda urithi usipotee. Randori huuliza kama urithi huo umekuwa wako. Usiku ule wa msiba nilihitaji vyote viwili. Sala ya Bwana ambayo bibi yule aliisema ndiyo kata yetu, ile tuliyofundishwa watoto kwa kukariri kabla hatujaielewa. Yule baba hakuwa na maneno yake mwenyewe tena, akabebwa na yale aliyokariri. Lakini yalihitaji kuletwa na mtu ambaye ameyatumia gizani.

Daudi naye, Sauli alipomvika mavazi yake ya vita, alijaribu kutembea, kisha akayavua kwa sababu hakuwa ameyazoea. Hakuna ubaya wowote ulioandikwa juu ya silaha zile. Pengine zilikuwa bora kuliko zote katika Israeli. Ila Daudi alikuwa amekutana na simba na dubu akiwa na vifaa vya mchungaji, na hivyo ndivyo alivyovijua. Petro kwa upande wake alitangaza mezani kwamba yuko tayari kufa, akalala bustanini alipoambiwa akeshe na kuomba, kisha kando ya moto akaangushwa na swali la kijakazi. Yesu alikuwa amekesha na kuomba, jasho likimtoka. Walipofika wenye mapanga na marungu, yeye ndiye aliyesimama, tena bila kumpiga mtu.

Ndiyo maana katika usharika wetu tumeanza kubadili mambo madogo. Katika darasa la kipaimara, mtoto akishajibu swali la katekisimo kwa moyo, namwomba mwenzake ampinge kama atakavyopingwa shuleni au mtaani, naye ajibu tena kwa maneno yake. Mara nyingine wote wawili wanakwama, nami nakwama pamoja nao, tunarudi kwenye Neno. Katika ibada za nyumba kwa nyumba tumekubaliana kwamba mtu anaweza kusema, "Hapa siamini," na hatatengwa wala kuhubiriwa papo hapo. Wazee wawili walinijia wakiwa na wasiwasi kwamba tunafundisha watu kushuka imani. Niliwaambia habari za ngumi inayosimama kabla ya kugusa. Mmoja alielewa. Mwingine bado tunazungumza naye, na kwa kunipinga ananifaa kuliko anavyojua.

Siwaahidi kwamba mtu aliyezoezwa hivyo hataanguka. Hata wapiganaji hodari huangushwa, na sensei wangu mwenyewe alituambia baadaye kwamba mwizi mwenye kisu apewe simu, maisha yabaki. Nadhani tu kwamba aliyewahi kuanguka mikononi mwa ndugu anajua kwamba kuanguka si mwisho, na anajua nani atamwinua.

Krismasi iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani. Binti yangu akamsimulia jinsi baba alivyocheza karate sebuleni. Akacheka, akagusa kovu lake, akanitazama. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwomba msamaha, kwa sababu naye hakuwahi kunilaumu. Watoto walipotoka nje, nilimwomba. Akasema, "Kaka, ulikuwa na miaka kumi na saba. Hata wewe uliogopa." Kisha akasema, "Ila usiku ule, baada ya kushonwa, hukulala. Ulikaa kitandani kwangu mpaka asubuhi. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Alikumbuka yeye. Bwana atupe neema ya kuketi hivyo karibu na ndugu zetu, hasa pale tuliposhindwa kuwapigania.