Mkazo

Wapenzi wa lugha hulijua neno mkazo: ni uzito wa sauti unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake nyingine nilifunzwa chini ya Hiace yetu kuukuu, pale propela inapoungana na difu kwa bolti nne. Gari hilo huwapeleka wanangu shuleni, na propela ikichomoka mwendoni huipiga kwa nguvu sakafu iliyo chini ya miguu yao.

Fundi wetu, mzee wa maneno machache, hunena kuwa bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, kama mpira uliovutwa. Hamu yake ya kurudi ndiyo inayovibana vyuma viwili. Mtikisiko ukivitelezesha vyuma hivyo, hata kwa unywele, nati huanza kujifungua. Kwa hiyo husugua kutu, hufuta grisi vyuma vinapokutana, hutia gundi ya nati kwenye hesi safi, kisha hukaza kwa spana ya kupimia nguvu, bolti hii halafu ile inayoielekea. Mwisho huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma.

Kaza imetuzalia kazana, kaza mwendo, kaza moyo. Zote zina mvuto ndani yake, na mvuto hupungua usipoangaliwa. Ndiyo maana kila Jumamosi nainama na tochi kuitazama mistari minne. Ukikatika mmoja, wanangu watakwenda kwa miguu hadi fundi aje.