Ndege Inasukuma Nini?

Kizazi cha baba yangu hakikubishana juu ya ndege, kiliikimbia. Mwaka 1965, vita vya waasi wa Simba vilipokuwa kwetu, mashariki mwa Kongo, ndege za kivita zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Castro ziliondoka Albertville, Kalemie ya leo, zikafuata Ziwa Tanganyika hadi Baraka na milima ya Fizi. Wakuba wengine, wale wa Che Guevara, walikuwa wamevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili mwaka huohuo kuja kuwasaidia waasi. Baba alikuwa mvulana Yungu, kwenye rasi ya Ubwari. Alichokijua kuhusu ndege ni mlio tu: ukiusikia, unaacha jembe, unaingia kwenye muhogo, unalala kifudifudi. Hadi uzeeni, injini ikivuma angani alinyamaza kwanza, akasikiliza inakoelekea, ndipo akaendelea na mazungumzo yake.

Nayataja haya kwa sababu wageni wanaowasikia vijana wa Baraka wakibishana kama ndege inaweza kupaa kutoka kwenye mkanda unaokwenda kinyumenyume hudhani wanapoteza muda. Mimi naliona ni jambo kubwa sana. Kutoka kwa baba hadi kwa wanafunzi wangu, kitu tulichojificha kisituone kimekuwa kitu tunachokikalia chini kukichambua.

Sisi wa katikati tulikulia safarini. Vita vya 1996 vilitupeleka ng'ambo, Tanzania, nikasomea kambi ya wakimbizi ya Lugufu, mkoani Kigoma. Kuanzia Oktoba 2005 meli ya Mwongozo ilianza kuturudisha Baraka, na huko tulikuta helikopta za Umoja wa Mataifa zikitua na kuondoka. Watoto walikimbia kuzifuata, jambo ambalo baba hakulizoea kabisa. Mmoja wao aliniuliza mbona hii haitafuti mbio kwanza. Nilimjibu kwamba mabawa yake ndiyo yanayokimbia, yanazunguka juu yakikata hewa, basi mwili hauna haja ya kukimbia. Alitazama juu, akaridhika. Ndilo swali la kwanza la ndege nililolisikia kwetu lisilokuwa na hofu ndani yake.

Swali la mkanda lilikuja kwa simu. Ndugu zetu wengi waliobaki kambi ya Nyarugusu walipokewa Marekani, na mdogo wangu yumo. Alinitumia ujumbe wa sauti akieleza kwamba katika jengo analokaa kuna mashine ya kukimbilia: mkanda unazunguka chini ya miguu, mtu anakimbia hadi jasho linamtiririka na bado yuko palepale. "Sasa kaka," akasema, "wakitandaza mkanda kama huu uwanja mzima wa ndege, wakauendesha nyuma kwa kasi ileile ya ndege inayokwenda mbele, itapaa?"

Nililipeleka swali mahali tunapochaji simu, karibu na soko la Baraka, ambako watu hukaa muda mrefu wakingoja betri zijae. Halikumaliza dakika bila kuwasha moto. Wengi walisema haipai. Kijana wa taksi-moto ndiye aliyewaongoza: pikipiki ikinasa kwenye tope la njia ya Fizi, gurudumu linazunguka kwa nguvu zote na huendi popote, ndege juu ya mkanda ni hivyohivyo, haitapata mbio, na bila mbio hakuna kupaa. Hoja yake ilikuwa nzuri. Wachache walisema itapaa, ila hawakuweza kueleza kwa nini. Kisha akaingia mfanyabiashara mmoja anayekwenda kununua bidhaa Dubai, akasema haipai, na ubishi ukakatika. Yeye amepanda ndege. Ninyi mmepanda nini?

Ndivyo mabishano yetu yalivyokuwa yakimalizika zamani zile. Aliyesafiri mbali ndiye aliyeshinda. Mimi nilikuwa na jibu la kitabu, nikalizuia makusudi, kwa sababu jibu la mwalimu huua ubishi sawa na jibu la tajiri, na wote huondoka na jina la mshindi bila kuondoka na sababu.

Aliyelifungua fundo ni mzee mvuvi wa ndagala aliyekuja kuchajisha taa zake za usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ndege inasukuma nini ili iende. Hakuna aliyejibu. "Watoto wangu," akasema, "pale Ruzizi unapoingia ziwani, ukipiga kafi kinyume na maji, na nguvu zenu zikilingana, unabaki palepale. Hapo huyu wa taksi-moto amesema kweli, kwa sababu kafi inasukuma maji, na maji yenyewe yanarudi. Lakini sisi tukitaka kupanda mto na mzigo, mmoja hushuka, hufunga kamba mbele ya mtumbwi, hutembea kando ya mto akivuta. Maji yanakwenda yanakotaka, na mtumbwi unakwenda anakotaka mwenye kamba. Sasa niambieni, ndege inapiga kafi kwenye mkanda, au inavutwa kwa kamba?"

Nimefundisha fizikia miaka mingi na sijasikia swali lile likiulizwa vizuri zaidi. Injini ya gari huzungusha magurudumu, na magurudumu husukuma ardhi. Ardhi ikirudi nyuma, gari hubaki. Mtu anayekimbia ni vivyo hivyo, ndiyo maana mdogo wangu haendi popote. Injini ya ndege haigusi magurudumu hata kidogo. Inachukua hewa na kuitupa nyuma, nayo ndege inakwenda mbele. Magurudumu yapo kwa kubeba tu, yanazunguka huru. Cessna Caravan, ndege ndogo inayoonekana sana kwenye viwanja vya Afrika Mashariki, huacha ardhi ikifika kama kilomita 130 kwa saa. Iweke juu ya mkanda unaorudi nyuma kwa kilomita 130, magurudumu yatazunguka kana kwamba yanakwenda 260, na ndege itapaa ikiwa na mbio zake zilezile angani. Kinachoongezeka ni msuguano kidogo wa magurudumu, nao hauwezi kuishinda injini.

Mzee yule aliutaja Ruzizi bila kujua kwamba mto huohuo ulibishaniwa na wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, ambayo Burton aliiandika kuwa kisiwa, wakafika Uvira mwezi wa Aprili. Ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka inaitwa kwa jina la Burton hadi leo. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile, na wenyeji wa Uvira wakawaambia wazi kwamba unaingia. Hawakufika mdomoni kuuona. Ubishi ukahamia London, na mwaka 1864 Burton mwenyewe akatetea kwamba huenda mto unatoka. Ilibidi Livingstone na Stanley waje Novemba 1871, waingize mtumbwi mdomoni mwa mto, wayaone maji yakiingia ziwani. Miaka 13 ya mabishano juu ya jambo ambalo watu wa Uvira walilisema siku ya kwanza! Kila ninapoisoma habari hii naumia. Mwenye mkono ndani ya maji hakusikilizwa. Alisikilizwa aliyetoka mbali. Na sisi tulikaribia kumfanyia mvuvi wetu vilevile, Baraka, mbele ya yule wa Dubai.

Ndiyo maana nilitaka jambo lionekane kwa macho. Darasani tulitandaza kitenge juu ya meza. Wanafunzi walileta magari mawili: moja la betri, la Kichina, lililonunuliwa sokoni, na jingine la waya walilolitengeneza wenyewe, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya kandambili. Tulipaka chaki alama moja kwenye kila gurudumu. Lile la betri tuliliweka juu ya kitenge na msichana mmoja akaanza kukivuta nyuma polepole. Akaipata kasi ya gari, nalo likasimama palepale likilia, na yule wa taksi-moto, niliyekuwa nimemwalika, akapiga makofi. Kisha tukaliweka lile la waya, tukalifunga uzi, na mvulana aliyesimama upande wa pili wa meza akauvuta. Msichana akavuta kitenge kwa nguvu. Alama za chaki zilizunguka hadi zikageuka duara jeupe, na gari likafika ukingoni mwa meza vilevile. Wakarudia wao wenyewe, kitenge haraka zaidi, kisha kwa kukishtua. Gari lilifika kila mara. Kijana wa taksi-moto hakusema kitu. Aliomba uzi auvute yeye.

Baada ya hapo ndipo nilipowaeleza kwamba Januari 2008 kipindi cha runinga cha Marekani, MythBusters, kilijaribu kwa ndege nzima. Walitandaza turubai refu, likavutwa na gari kuelekea nyuma wakati ndege nyepesi ikikimbia juu yake kwenda mbele. Rubani mwenyewe aliamini haitapaa. Ilipaa.

Niliwaeleza pia habari ya hapa ziwani, ambayo walistahili kuijua kabla ya ile ya Marekani. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne aina ya Short 827 zenye kuelea majini. Mawimbi ya Tanganyika yaliwashinda, wakaziweka kwenye kiziwa cha Tongwe pembeni, na mwezi wa Juni zilikwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu. Ndege hizo hazikuwa na gurudumu hata moja la kusukuma kitu, lakini zilipaa, kwa kuwa zilishika hewa. Maji yalizikokota, na hapo mkondo mkali ungezisumbua kuliko mkanda unavyoisumbua ndege ya magurudumu. Wanafunzi waliling'ang'ania jambo hilo, wakiuliza mto ukiwa mkali kiasi gani ndege ingeshindwa, na nikafurahi kuona kwamba hakuna aliyeuliza nani amewahi kupanda.

Ubishi wa sasa ni mwingine. Msichana aliyevuta kitenge alisema: ikiwa ardhi kurudi nyuma haizuii ndege, upepo ukija mbele je? Anaijua kusi ya mwezi wa Juni na Julai inavyong'oa mabati Ubwari, na mabati hayakukimbia popote. Nilimwambia ndivyo ilivyo: marubani huondoka wakielekea upepo unakotoka, na ndege ndogo hufungwa kamba kukiwa na dhoruba, kwa sababu upepo ukifikia kasi ya kupaa, ndege iliyosimama inaweza kuinuka bila gurudumu kuzunguka. Kijana wa taksi-moto hajakubali. Anasema Julai atafunga bati kwa kamba ufukweni Yungu, aone mwenyewe. Nimemwambia atafute kamba ndefu, avae glavu nene, na watoto wakae mbali.