Washonaji wa Natick

Nilipoanza kazi ya kutunza wazee Massachusetts, besiboli kwangu ilikuwa mchezo wa kwenye televisheni tu. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa Natick niliyekuwa nikimhudumia. Ujanani alishona mipira ya besiboli nyumbani, kama mama yake kabla yake. Jioni alinionyesha, bila mpira wala uzi, jinsi sindano mbili zinavyopishana kwenye ngozi. Vidole vyake vilikwishapindwa na uzee, lakini njia havikuikosea.

Natick ulikuwa mji wa mafundi viatu. Hata Henry Wilson, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani, aliwahi kushona viatu hapo. Ngozi ilikuwapo, na mikono iliyozoea sindano ilikuwapo. Mwaka 1858 kampuni ya H. Harwood & Sons ikaanza kutengeneza mipira ya besiboli kiwandani, wakati ambapo wachezaji wengi walikuwa wakijishonea wenyewe au kumwendea fundi viatu. Ngozi iliyokatwa vipande viwili vyenye umbo la namba nane ilipelekwa majumbani pamoja na viini vya nyuzi zilizoviringwa, na wanawake wakashona huku chungu kikiwa jikoni.

Siku hizi jengo la Harwood ni nyumba za kuishi. Kazi ya kushona iliifuata mishahara midogo ng'ambo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Haiti ilishona sehemu kubwa ya mipira ya besiboli duniani. Kisha Rawlings, kampuni inayoipatia ligi kuu ya Marekani mipira tangu 1977, ikahamishia ushonaji wake Turrialba, Costa Rica. Hata ngozi ilibadilika: farasi alimwachia ng'ombe nafasi mwaka 1974.

Pamoja na mabadiliko yote hayo, mpira wa ligi kuu bado unashonwa kwa mkono, mishono 108 ya uzi mwekundu. Mashine zimejaribiwa, zikashindwa kuchukua nafasi ya mkono.

Cooperstown, New York, kuna makumbusho ya magwiji wa besiboli, na majina ya waliopiga na waliorusha yamo kwenye mabamba ukutani. Wanawake wa Natick, Haiti na Turrialba wanastahili ukuta wao humo. Bila mshono wao, hakuna gwiji ambaye angekuwa na cha kupiga.