Mama Naye Apande: Kupanga Safari ya Serengeti na Pwani Ukiwa Ughaibuni

Hapa Hamburg likizo ya mwakani hujadiliwa kabla mwaka huu haujaisha. Kufikia Desemba, kazini kwetu karatasi ya likizo imeshapita mezani kwa kila mtu, na Januari ikianza wenzangu wengi wameshalipia tiketi za Julai. Haraka hiyo ina sababu zake. Shule hufungwa kwa tarehe zinazotangazwa miaka kadhaa mbele, kila jimbo na tarehe zake, na mzazi anayemtoa mtoto darasani siku mbili kabla ya kufunga ili awahi nauli nafuu anaweza kutozwa faini. Wauza safari nao hutoa punguzo kwa anayelipa mapema. Basi watu wanawahi.

Watanzania wengi huku husema kwamba Wazungu wanasafiri kwa sababu wana likizo ndefu. Nimewahi kulisema hilo kwa sauti mezani, na mume wangu akaniomba tuangalie sheria. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili zinabaki 20, na hicho ndicho kima cha chini cha Ujerumani kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Waajiri wengi wa huku huongeza, ni kweli, lakini kisheria tumelingana. Tofauti iko katika tunachokifanya na siku hizo. Nyumbani likizo ni ya watu: harusi ya binamu, arobaini ya mzee, kwenda kumalizia paa la nyumba ya wazazi, Krismasi ya Wachaga inayojaza mabasi yote ya kwenda Moshi. Sijawahi kumsikia mjomba akiomba ruhusa kazini aende kutazama simba.

Huku mtu huanza na tarehe, kisha mahali, kisha ndiyo anauliza nani anakuja. Kwetu unaanza na watu, na tarehe inajitengeneza yenyewe. Kwa safari ya mchanganyiko, yaani mbugani, kijijini, kisha baharini, nimeona kwamba kila hatua inadai namna yake ya kupanga, na anayelazimisha namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho hupata nusu ya alichokilipia.

Nianze na wanyama, maana hapo Mjerumani ana haki yote. Nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti hawasubiri mtu apate nafasi. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi wako kusini, nyanda za Ndutu, wanazaa. Juni wanasogea upande wa mto Grumeti. Julai hadi Septemba wengi wako kaskazini, wakivuka mto Mara kwenda na kurudi upande wa Kenya. Likizo ya shule ya Hamburg huangukia Julai na Agosti, kwa hiyo familia kama yetu haina budi kutazama kaskazini, Kogatende, na vitanda vya huko ni vichache, na dunia nzima inavitaka wiki hizo hizo. Hapo hakuna "tutaona tukifika". Weka nafasi mwaka mmoja kabla. Asiyefungwa na shule aje Februari: nyasi ni fupi, ndama wanajifunza kusimama mbele ya macho yako, na chui na duma hawako mbali. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, lakini udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa gari hadi kwenye mhimili.

Na mambo mengine ambayo ndugu zetu wa Dar hawatakuambia kwa sababu wengi wao hawajafika. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai unahitaji koti zito. Nguo za bluu na nyeusi huvuta mbung'o, ziache begini. Njia ya kawaida kutoka Arusha kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, inapita ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake mbali na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo lina malipo yake hata kama unapita tu. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa benki, kadi au simu. Mtu aliyekuandalia safari vizuri atakuwa ameshalimaliza hilo kabla hamjatoka Arusha.

Kuhusu huyo wa kukuandalia, Ujerumani imenifunza kudai karatasi. Anayenunua safari ya jumla huku hupewa hati ya dhamana: kampuni ikifilisika, dhamana hiyo inamrudishia fedha zake au inamrudisha kwao. Hati hiyo ina kazi. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, na FTI mwaka 2024, watu walikuwa wameshalipa na wengine wako ufukweni. Nyumbani dhamana yetu ni mtu: fulani anamjua fulani aliye Arusha, "ni kijana wetu huyo, usiwe na wasiwasi". Nami naupenda uaminifu huo, umenibeba maisha yangu yote, lakini malipo ya awali ya familia nzima ni fedha nyingi mno kuziweka juu ya neno la mdomo. Mwombe kijana wetu leseni ya TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii. Mwombe mkataba unaotaja aina ya gari, majina ya kambi, kilichomo na kisichomo kwenye bei, na jinsi mtakavyorudishiana fedha mambo yakiharibika. Kijana mwenye kampuni halali hatachukia, maana wageni wake wote humwomba hivyo. Kisha lipa moja kwa moja Arusha. Safari ile ile ukiinunua kwa wakala wa Ulaya, unamlipa na yeye.

Sasa utamaduni. Hapa kalenda ya Hamburg inavunjika, na iachwe ivunjike.

Safari moja wifi yangu Mjerumani alikuja nasi na ratiba iliyochapwa vizuri. Baada ya mbuga tungeshuka barabara kuu ya kwenda Tanga, tupande Lushoto kutoka Mombo, tumsalimie mama mdogo kwa muda wa saa mbili, turudi chini kabla ya giza. Tulipofika tulikuta mafiga yanawaka na chungu kimeshatengwa. Makande. Mahindi yaliyokobolewa yalikuwa yamelowekwa tangu jana yake, maharage yanachemka, nazi iko pembeni inasubiri zamu yake. Saa mbili zikaisha maharage bado magumu. Mama mdogo akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, mgeni wako anaondokaje na njaa?" Nikamtafsiria wifi. Akaikunja ile karatasi, akavuta kigoda akaketi jikoni, akapewa kisu na vitunguu.

Tulikula jioni, na tukalala. Katika saa zile za kungoja, mama mdogo alimsimulia jinsi Waingereza miaka ya 1950 walivyowaamuru Wasambaa kuchimba matuta mashambani kuzuia mmomonyoko, jinsi wanawake walivyochoshwa na kazi ile, na jinsi watu walivyoikataa hadi serikali ikaacha. Alimwonyesha kwa kidole mlima wenyewe, ng'ambo ya bonde. Wifi alikuwa anajua kwamba Lushoto iliitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani, na akauliza kuhusu hilo pia, kwa heshima, akajibiwa. Hakuna kampuni inayouza mazungumzo hayo kwa sababu hayana bei wala muda wake. Anayetaka utamaduni wa Tanzania aweke siku nzima isiyo na kitu, ajulishe wenyeji kwamba anakuja, abebe sukari, sabuni na kanga ya mwenye nyumba, kisha akae.

Asiye na mama mdogo Lushoto afanyeje? Aende Mto wa Mbu, ambako wanakijiji wameendesha utalii wao wenyewe tangu miaka ya 1990: unatembezwa migombani kwa miguu, unakula kwa mama wa pale, na fedha zinabaki pale pale. Nako akae siku nzima. Sipendi yale maboma ya kando ya barabara ambako gari husimama, vijana huruka mara chache, shanga hununuliwa, gari huondoka. Simlaumu mama wa Kimaasai anayeuza shanga, anatafuta riziki. Ila wanangu wanastahili kujua kwamba Wamaasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 na kuahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyama, na kwamba tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamisha familia kutoka Ngorongoro hadi Msomera, Handeni, jambo lililozua mabishano makali. Ukimlipa mtu arukeruke mbele yako, angalau jua yuko wapi na kwa nini.

Bahari nayo ina kalenda yake, na haifanani na ya ukutani. Wageni wengi huchagua hoteli ya Paje au Jambiani, Unguja, kwa picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa. Wakifika wakati wa bamvua wanakuta bahari imekimbia mbali, na kina mama wako huko wanavuna mwani. Wengine hununa. Mimi naona ndiyo saa nzuri kuliko zote kutembea, mradi umeijua mapema. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, ambako maji hayatoki sana. Ujue pia kwamba Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na ikiangukia safari yako Unguja, migahawa mingi ya wenyeji itafungwa mchana, lakini jioni bustani ya Forodhani inachangamka. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hulipia bima ya dola 44, hata kama ana bima yake ya kwao.

Moyo wangu hata hivyo uko Pangani, mkoani Tanga, na nitaipigia debe bila haya. Kutoka ufuko wa Ushongo unakwenda kisiwa cha Maziwe, ambacho siku hizi ni fungu la mchanga tupu: maji yakipwa linatokeza jeupe katikati ya bahari, maji yakijaa linazama. Mume wangu alimwuliza nahodha tunaondoka saa ngapi. Nahodha akatazama mstari wa majimaji kwenye mchanga akasema, "Yakianza kutoka." Kesho yake tungechelewa karibu saa nzima kuliko siku hiyo, kesho kutwa zaidi tena. Ukipanga Maziwe, muulize kwanza nahodha tarehe ya mwezi, ndipo uchague siku ya kulala Ushongo. Kutoka hapo kuna boti za kukodi za kuvuka upande wa Nungwi, kwa hiyo hulazimiki kurudi hadi Dar.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama mkwe wangu ni wa kizazi kilichokua na Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama, kwenye televisheni. Filamu ya Grzimek ya mwaka 1959 kuhusu Serengeti ilipata Oscar. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba naye alizikwa hapo hapo. Bibi huyu wa Bremen anaijua Serengeti tangu ujana wake. Mama yangu amezaliwa Pangani. Hifadhi ya Saadani, inayogusana na bahari, ni jirani yake upande wa kusini. Alikuwa hajawahi kuingia hifadhi yoyote.

Sisi wa ughaibuni tunarudi na watoto, tunakodi gari, tunapita, na wazazi tunawakuta nyumbani wametupikia. Hebu tazama hesabu. Gari la mbugani hukodiwa kwa siku, na lina viti sita au saba. Sisi ni wanne. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha Serengeti kwa shilingi, elfu kumi na kitu, wakati mgeni wa nje mtu mzima hulipa zaidi ya dola 80 ukijumlisha kodi. Ujerumani iliruhusu uraia pacha Juni 2024, lakini Tanzania bado haiuruhusu kwa mtu mzima, kwa hiyo mimi nimebaki na pasipoti yangu ya Tanzania, mume na watoto wana ya Ujerumani, na getini familia moja inasomewa bei mbili. Mama, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, ndiye abiria wa gharama ndogo kuliko wote ndani ya gari. Kitanda chake kinalipiwa, ndiyo, lakini kambi nyingi zina bei ya raia ukiuliza, na TANAPA ina mabanda na kambi za umma Seronera kwa asiyetaka hoteli.

Kwa hiyo safari hii tulianza kwa kumpigia yeye, kabla ya tiketi, kabla ya karatasi ya likizo. Tulimuuliza magoti yatastahimili vumbi na mtikisiko wa barabara ya geti la Naabi, au apande ndege ndogo hadi Seronera. Akasema atapanda gari, ndege haioni chochote. Tulimuuliza tarehe, akatoa zake mbili, tukazilinganisha na za shule, moja ikakubali. Kisha nikamtumia mkataba wa kijana wa Arusha kwa simu, mdogo wangu akamsomea. Alitaka liongezwe jambo moja: siku ya kurudi, gari lisimame Korogwe amsalimie dada yake. Kijana wa Arusha aliuliza tusimame muda gani. Mume wangu ndiye aliyejibu: andika kwamba usiku huo tunalala Korogwe.